Maua ya Mwezi wa Saba

Hapana, Lugano, uongo wa kumfurahisha mtu bado ni uongo, na hata ukinitumia voisi nyingine tano sibadilishi. Unasema Madam amefurahi, amekula, amelala, sasa nataka nini tena. Unasema napenda kujitesa tangu kidato cha pili. Labda. Lakini wewe hukuwepo leo Kitulo. Hukuona mkono wake ulivyorudi mfukoni.

Nimezima simu. Naandika humu kwenye daftari kwa sababu humu hakuna mtu wa kunikatisha. Ni Jumamosi jioni, mama yuko uani anaosha vyombo, na Madam amelala mapema chumbani kwa mama, soksi amevaa mbili mbili. Kesho asubuhi wanaenda kanisani wote wawili, ibada ya kwanza, halafu napaswa kumpandisha basi la kwenda Mafinga arudi kwao Igowole. Kwa hiyo muda wangu ni mchache. Leo nimemwambia mtu ambaye karibu haoni kabisa kwamba mlima umejaa maua, wakati mbele yetu halikuwepo hata moja. Sasa ama ameamini, ama anajua na amenyamaza. Kama ameamini, nimemwibia. Kama anajua, ananisitiri, na mimi sikustahili.

Lugano, wewe uliyekaa na mimi dawati moja miaka minne unamkumbuka kama mwalimu mkali tu. Ngoja nimwandike, halafu nione kama nitaamua kitu.

Sitaandika amezaliwa lini wala baba yake nani. Sijui, na hakuwahi kusema. Shule yetu ilikuwa na walimu wa kike sita, na wote tuliwaita madam wa hesabu, madam wa kemia, hivyo hivyo. Ukisema Madam peke yake, bila somo, kila mtu alijua ni huyu wa Jiografia. Mfupi, mweusi wa kung'aa, koti la kijani la mtumba lenye mifuko minne, mikono ndani ya mifuko kama mtu anayelinda kitu. Uyole hapa baridi si mchezo, lakini yeye alilivaa hata mwezi wa kumi na moja jua likiwaka. Alisema koti ni nyumba yake ya pili.

Shule iko karibu na barabara kuu, na malori ya Zambia yanapita kutwa. Walimu wengine walipiga kelele kushindana nayo. Madam hakushindana. Lori likianza kunguruma alinyoosha kidole kimoja juu, akanyamaza, lori likapita, kidole kikashuka, akaendelea na neno lile lile alipolikatia. "Mmomo," kidole juu, lori, kidole chini, "nyoko wa udongo." Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Siku moja yalipita saba mfululizo, ya mafuta, na kidole kilikaa juu mpaka darasa zima likatulia, hata wale wa nyuma. Lilipopita la mwisho akasema tu, "Mmeona? Yanaisha."

Alitusalimia Kihehe asubuhi, kamwene, na sisi Wanyakyusa, Wasafwa, Wasangu, wote tukaitikia kamwene. Mkuu wa shule alisema lugha za nyumbani haziruhusiwi shuleni. Madam alimjibu kwamba salamu siyo lugha, salamu ni mlango. Mkuu akaenda ofisini.

Kuna swali alikuwa nalo, na mimi ndiye niliyeulizwa kuliko wote kwa sababu mimi ni mtu wa haraka. Nikimaliza zoezi wa kwanza nikapeleka daftari, hakulifungua. Aliniuliza, "Ukimaliza haraka, umemaliza nini?" Nililichukia hilo swali. Hata sasa dukani nikifunga hesabu mapema nalisikia.

Kila mwaka mwezi wa pili, Jumamosi moja, alipeleka kidato cha tatu Kitulo, ile hifadhi ya maua kule juu, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kosta inatoka Uyole gizani, inafuata barabara ya Tukuyu, inakata kushoto Isyonje, halafu inapanda na kupanda katikati ya mashamba ya viazi ya Kikondo mpaka masikio yanaziba. Shule nyingine huwa zinaenda pia. Wanashuka, wanakimbia, wanajitupa kwenye maua wapigwe picha, wanakula wali, wanaondoka. Sisi tulishushwa tukapangwa mstari, kila mmoja akapewa vijiti vinne na kamba ya katani. Unapima mita moja huku na mita moja huku, unachomeka vijiti, unazungusha kamba, unakaa pembeni ya kiboksi chako saa nzima. Unaandika kila kilichomo. Jiwe, mdudu, jani lililokufa, ua. Simu zote ziko kwenye ndoo ya mwalimu. Na kuchuma ni marufuku. Ukichuma hata jani moja, Jumatatu unasimama mbele ya shule nzima useme umechuma nini na ulikuwa unakipeleka wapi.

Nilimwambia wazi, maana mdomo haunikai. Madam, nimepanda mlima wote huu, naona maua mpaka yanapokutana na mawingu, unanipa mita moja? Akasema nikiiweza hiyo nimfuate anipe nyingine. Dakika kumi nikawa nimemaliza. Akaniuliza lile swali lake, akanirudisha. Nikakaa kwa hasira, nimekunja uso. Ndipo katikati ya majani nikaona ua dogo la kijani, rangi moja na majani yenyewe, halina hata kujionyesha, na ndani yake kimdudu chekundu kimelala kama mgeni aliyepewa kitanda. Lilikuwa pale muda wote. Nililiangalia dakika kumi na sikuliona. Nililia kidogo, nikasema ni baridi.

Wewe Lugano siku ile uliandika ua la kwenye kipeperushi, lile la zambarau, ukidhani hatajua. Hukujua kwamba sisi tulipokuwa tunakula viazi vyetu, yeye alipita kiboksi kimoja kimoja na karatasi zetu mkononi. Alikurudishia bila kelele. Akasema, "Hili hukuliona. Hili ulilitamani." Ulisusa wiki nzima.

Sasa nakuja kwenye hoja yako, kwa sababu najua utaileta. Utasema Madam mwenyewe alidanganya. Ndiyo, alidanganya, na naandika yote.

Mwaka wetu alimpigia mkuu wa shule akamwambia gari limepata pancha, tutachelewa. Hapakuwa na pancha. Ukungu ulikuwa umefunika uwanda wote na alitaka tusubiri ufunguke. Tulikaa saa mbili hatuoni hata mtu wa pembeni, dereva ananung'unika, na ulipofunguka ulifunguka mara moja, kama mtu amevuta shuka. Tulifika Uyole usiku, wazazi wamejaa getini, na Madam akaomba radhi kwa ajili ya lile tairi kwa uso mkavu kabisa.

Halafu mimi. Mwaka ule viazi vya mama vilioza shambani na nauli ya safari haikupatikana. Madam aliniita ofisini. Nilijua naenda kuambiwa nibaki. Akaniuliza kama nina mabega yenye nguvu, kwa sababu mbeba kamba wa safari huwa halipi na nafasi iko wazi. Nikasema ninayo. Nilibeba begi la kamba kwa heshima zote, kama mtu aliyeajiriwa. Baada ya miaka miwili ndipo nikakutana na dada mmoja wa mwaka wa mbele yetu, nikamtajia cheo changu, akanishangaa. Hapakuwahi kuwa na mbeba kamba. Kamba za darasa zima huwa zinaingia kwenye mfuko mmoja wa lile koti.

Na pombe. Alikuwa Mlutheri wa kukaa mbele, anaimba kwaya kwa sauti isiyopatana na mtu, na alitufundisha madhara ya ulevi kwa michoro. Lakini kila akirudi likizo kutoka kwao alikuja na kidumu cha ulanzi. Alisema ule mtamu wa siku ya kwanza siyo pombe, ni maji ya mwanzi. Kidumu kilikaa siku nne, na siku ya nne hayakuwa maji ya mwanzi tena, na hakuyamwaga.

Maua ya plastiki aliyachukia. Alisema ni maiti iliyopakwa rangi. Siku ya kumuaga kustaafu shule ikampa, ya nini sijui, chombo kizima cha mawaridi ya plastiki. Aliyapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Baadaye alinipigia simu akicheka, akasema ameyasahau kwenye basi, bahati mbaya sana. Juzi Alhamisi nilipomfuata Igowole niliyakuta dirishani kwake. Yameoshwa, hayana vumbi hata chembe. Nilipokuwa namsaidia kufunga begi nilimwona anapita pale, ananyoosha mkono, anagusa moja, anaendelea. Anafanya hivyo jinsi mtu anavyogusa ukuta kujua alipofika. Nikafunga zipu ya begi.

Kitu kingine kabla sijafika leo. Darasani alikuwa anapigana kabisa na watu wanaochimba vizizi vya maua kule juu kuuza kwa wanunuzi wa kwenda Zambia, ile chikanda, wanasaga wanapika chakula. Alisema ua moja linachukua miaka na mtu anaking'oa kizizi kwa dakika. Sisi somo hilo likatuingia kabisa. Basi njiani siku ile ya safari yetu, kabla ya kuingia hifadhini, tukamkuta bibi mmoja kando ya barabara na kibakuli cha vizizi hivyo na jembe lake. Wanafunzi wakaanza kuzomea kutoka dirishani. Madam akasimamisha kosta, akashuka. Tulidhani anaenda kumkoromea. Akamwamkia shikamoo, akachuchumaa, wakaongea muda mrefu, wajukuu wangapi, nani mgonjwa. Akarudi, akaketi kwenye kiti chake. Mmoja wetu akauliza mbona hakumwambia. Akasema, "Mwenye njaa hafundishwi maua. Analishwa kwanza." Kisha akakusanya viazi vyetu vya mchana, nusu ya kila mtu, akampelekea. Tulinuna kwa njaa mpaka jioni.

Ndiyo huyo.

Alipostaafu akarudi Igowole, kwenye shamba lake la mahindi na migomba michache isiyozaa kwa baridi. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia. Alinitaka nimsomee nilichoandika kwenye daftari wiki hiyo, na nikiandika jambo kubwa kubwa ananiuliza, "Hilo umeliona au umelisikia?" Mwaka jana akaniambia habari ya macho yake. Daktari amesema ni presha ya macho, imeshakula upande wa kushoto, na wa kulia unafuata pole pole kutoka pembeni. Alilisema kama anasoma hali ya hewa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akapiga siku ambayo haikuwa Jumapili. Naandika maneno yake yote, nayakumbuka.

"Sekela, mvua imenyesha vizuri. Kule yatakuwa yanatoka. Jicho la kulia bado lina mwanga katikati, kama tundu la funguo. Nipeleke mwanangu, nikaangalie kwa hilo tundu."

Nikasema, "Nakuja Madam, wiki ijayo tu."

Wiki ijayo ilikuwa msimu. Nafanya kazi duka la pembejeo hapa Uyole, na mwezi wa kwanza na wa pili watu wanapanga foleni ya mbolea mpaka barabarani. Nimekuwa nikimwambia kila mtu kwamba bosi alininyima ruhusa. Bosi hakuninyima. Sikuomba. Niliona nitaonekana si mchapakazi. Kisha barabara ya juu ikaharibika na mvua, nikashukuru moyoni kwamba sasa sababu siyo mimi. Kisha mwezi wa nne, wa tano. Kila Jumapili alipiga na hakuuliza tena. Hicho ndicho kilichoniuma, kwamba hakuuliza. Wiki iliyopita alipiga mpwa wake anayekaa naye, akasema shangazi sasa anamwaga chai nje ya kikombe. Nikaomba siku tatu dukani. Nilipewa palepale, bila hata swali.

Sikusahau ni mwezi gani. Mtu aliyefundishwa na Madam hawezi kusahau. Kalenda ya maua ya Kitulo tuliichora wenyewe ukutani darasani, na mwezi wa saba tuliupaka rangi ya kahawia. Nilijua. Nilitaka tu niwe nimetimiza, imalizike, nipumue.

Nilipomwambia tunaenda, hakusema kwamba msimu umepita. Aliuliza tu kama nimeomba ruhusa. Akavaa koti.

Tumeondoka leo alfajiri na Noah ya mjomba, ile anayobebea viazi. Madam amekaa mbele, amekunja mikono, anatutajia tulipo kwa kona na kwa baridi. Hapa Isyonje. Hapa Kikondo, nasikia moshi. Hakukosea. Getini nikamwambia asishuke, nikakimbia mwenyewe kwa askari wa hifadhi. Nikamwomba, kaka yangu, tafadhali usitaje mambo ya msimu, huyu mama haoni vizuri na nimemleta afurahi. Akaniangalia.

"Sawa dada. Ila mwezi wa saba mmefuata nini?"

Nikageuka, nikarudi garini. Kwa hiyo, Lugano, siyo kwamba uongo ulinitoka kwa bahati mbaya. Niliutengenezea njia kwanza.

Mjomba akasimamisha gari pale uwanda unapofunguka. Sijawahi kuuona hivyo. Nyasi zote zimekauka, rangi ya ganda la mkate, zimelala upande mmoja kwa upepo. Kwenye vivuli barafu ya asubuhi ilikuwa bado nyeupe. Mbingu safi, vilima nyuma ya vilima, na hakuna kitu kimesimama isipokuwa vijiti vya maua ya zamani, vyeusi vimekatika shingo. Madam akashuka na mabuti yake ya mpira, akanishika kiwiko. Tulitembea hatua kama thelathini. Akasimama, akavuta hewa puani.

"Yapo?"

Ningeweza kusema hapana. Ni neno fupi kama lile lile lake.

"Yapo, Madam. Yamejaa."

"Yale mekundu marefu?"

"Yapo mpaka kule bondeni. Na meupe. Na yale ya zambarau yako karibu kabisa na mguu wako, usisogee."

Mjomba akakohoa, akageuka akaangalia tairi. Madam alikuwa anatabasamu, uso umeinuliwa kidogo kama mtu anayesikiliza kwaya. Nikaendelea. Nilitaja kila nililolikumbuka, nilifurahi hata, nilikuwa naliona mwenyewe lile ninalolitaja. Kisha akatoa mkono wa kulia mfukoni. Akaufungua, kiganja juu.

"Nichumie moja, nishike."

Yule mwanamke. Aliyetusimamisha mbele ya shule nzima kwa sababu ya jani. Ameomba ua moja maisha yake yote, na ameniomba mimi.

Na unajua nilisema nini? Nilicheka. Nikasema, "Si ulikataza, Madam?"

Upepo ukapita. Kiganja kilikaa wazi kwa muda, halafu kikajikunja.

"Kweli," akasema. "Nilikataza."

Mkono ukarudi mfukoni. Nilichukua sheria yake nikajifunika nayo. Hakuna mtu aliyewahi kunitukana hivyo mimi, na nimemfanyia yeye.

Akataka tukae. Tukakaa kwenye nyasi karibu saa nzima, nimemfunika blanketi. Hakuuliza tena chochote juu ya maua. Alipapasa ardhi pembeni yake, taratibu, na nyasi zilikuwa zinakatika mkononi mwake kwa sauti kama njiti za kiberiti. Nyasi za mwezi wa pili zina maji, hazilii. Hapo ndipo unaposema ni lazima amejua. Labda. Aliniuliza mama anaendeleaje na mgongo. Aliniuliza kama bado naandika. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Wakati wa kutoka nilishuka tena getini kuaga. Yule askari akasogea, akasema kwa sauti ya chini ili gari lisisikie, "Dada, kule chini kwenye kijito, nyuma ya ule mwinuko, kuna vidogo vya njano vimebaki kwa sababu ya maji. Vichache, ila vipo. Ningewapeleka. Ila ulisema nisitaje."

Gari lilikuwa linanguruma, Madam anatetemeka ndani, mjomba ana mzigo wa kuchukua Kikondo. Kijito hakikuwa mbali, hatua mia tatu hivi. Lakini ningeenda kumwambia nini, Madam, twende tukaone maua, wakati nilishasema tumeketi katikati yake? Nikapanda gari, nikafunga mlango.

Kwa hiyo usiniletee habari ya pancha na ya mbeba kamba. Nimewaza njia nzima. Madam alipodanganya, mtu alifika mahali ambapo asingefika. Mimi nilifika Kitulo kwa uongo wake. Sisi wote tuliona ukungu unafunguka kwa uongo wake. Uongo wangu umemzuia asifike penye maua ya kweli yaliyokuwa nyuma ya mwinuko. Basi.

Na tungeishia hapo ningenyamaza, nakwambia kweli, ningemwacha aende. Lakini wakati wa chakula mama alimuuliza ameonaje safari. Mama alikuwa anaulizia tu kwa adabu, anamwekea mboga. Madam akasema Mungu amemrudisha Kitulo, kwa hiyo kesho, mchungaji akiita wenye shukrani, atasimama. Akaomba mama amshike mkono mpaka mbele.

Mama akaniangalia. Mama amelima Kikondo kabla sijazaliwa. Baada ya Madam kwenda kulala, alinifuata hapa mlangoni, mikono ina povu.

"Sekela. Mwezi huu kule hata majani ya viazi yanaungua kwa barafu. Huyu mama anaenda kumshukuru Mungu kwa nini?"

Akasema, "Mimi siwezi kumshika mkono nikampeleka mbele na kitu nisichokijua," akarudi kwenye vyombo. Hakunifokea. Bado anaosha, nasikia masufuria, anaosha na yaliyokuwa safi.

Lugano, huenda Madam anajua, na shukrani yake ni ya kitu kingine kabisa, ya safari, ya kukaa kwenye nyasi, sijui. Huenda hajui. Siwezi kuendelea kuchagua mimi lipi linanifaa. Yeye ndiye atakayesimama mbele ya watu, basi asimame akijua alipokuwa ameketi.

Kesho nitaamka kabla ya mama. Nitawasha mkaa, nitapasha maji ya kumnawisha uso, nitayapeleka chumbani na taulo. Nitamwambia hapakuwa na maua, kwamba aliponiita mwezi wa kwanza sikuomba ruhusa, na kwamba kuna vidogo vya njano kwenye kijito ambavyo nimeambiwa tu, sijaviona. Nitamwambia getini nilimziba askari mdomo. Akitaka kwenda kanisani nitamshika mkono mimi. Asipotaka tutakaa. Halafu sitamkabidhi kwa kondakta, nitapanda naye mpaka Igowole, na Jumatatu duka lifunguliwe na mwingine.

Yote hayo nitayasema kabla sijamwamkia. Najua ni utovu wa adabu kumwanza mtu mzima bila shikamoo. Lakini akishaniitikia marahaba, kwa ile sauti yake, sitaweza.